Sikio Langu la Kushoto

Jumamosi ile naikumbuka hata kwa rangi ya kitambaa alichofunga kichwani. Kilikuwa cha kijani. Bibiane alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, mwenye sauti ya kwanza nzuri kuliko zote katika kwaya ya kanisa letu pale Kikula, na mimi, mwanangu, ndiye niliyemwambia mbele ya wenzake achukue daftari lake la nyimbo aende nyumbani.

"Sauti yako imelala," nilimwambia. "Mwezi mzima nakuomba uimbe, nawe unanung'unika tu. Hapa si pa kunung'unika."

Alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi na asiyejua kosa lake. Alikuwa ameimba kwa nguvu siku ile mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Nilimwona akifungua kinywa pale mwisho wa kushoto kwangu, na sikumsikia. Badala ya kujiuliza kwa nini, nikakasirika.

Nilikuwa na miaka thelathini na minane, umri ambao mtu hujiona amekwisha kujua mambo yote. Watu wa kanisa waliniita Maestro. Usinicheke, jina hilo lilinipendeza sana, na nililibeba kama mtu anayebeba ndoo iliyojaa maji, sitaki hata tone limwagike.

Siku za kazi nilikuwa mtu mwingine. Niliendesha mashine ya kuponda mawe ya shaba katika kiwanda kimoja cha hapa Likasi. Wenyewe tuliiita konkaseri. Mawe makubwa kama vichwa vya ng'ombe yaliingia juu, yakatoka chini yakiwa kokoto, na kelele yake ilikuingia mpaka kwenye meno. Tulisemezana kwa mikono. Tulipewa vifuniko vya masikio, vile vyenye upinde unaopita juu ya kichwa, na mimi nilivivaa shingoni kama mkufu. Mtu akiniuliza, nilikuwa na jibu langu tayari: mwimbaji hazibi masikio yake, nikiyaziba nitasikiaje mashine inapoanza kuumwa? Wenzangu walicheka, nami nikapenda wacheke. Miaka kumi na minne nilisimama pale hivyo hivyo.

Sasa, kabla ya ile Jumamosi, dalili zilikuwa zimekuja, tena si moja. Nakutajia ili uzijue.

Kwanza ulikuja mlio. Mlio mwembamba, kama birika linalokaribia kuchemka, katika sikio la kushoto peke yake. Nilidhani utaondoka, na haukuondoka. Kisha ikaja habari ya simu. Ofisini kwa msimamizi wetu kulikuwa na simu ya mezani, na siku moja nilipoitwa nikaiweka kwenye sikio la kushoto kama nilivyozoea. Nikamwambia msimamizi kwamba laini imekufa. Akaichukua, akasikiliza, akanirudishia akisema mtu yupo anaongea. Nikaihamishia sikio la kuume, na kweli mtu alikuwa anaongea. Toka siku ile nikawa naishika kwa mkono wa kuume, wala sikumwambia yeyote.

Kisha nikaanza kuyumba. Hili la kuyumba lilinitia aibu zaidi. Nikifumba macho kunawa uso, ilibidi mkono mmoja ushike ukuta. Kanisani, watu wanaposimama kwa maombi na macho yamefumbwa, mimi nilikuwa naegemea upande wa kushoto kama nguzo iliyochimbiwa vibaya. Wengine walidhani Roho amenishukia. Wengine, nilikuja kujua baadaye, walisema Maestro siku hizi anapitia mahali fulani kabla ya ibada.

Mke wangu, Odile, aliniuliza mara mbili. Nilimjibu: "Ni kelele ya kazi. Wote tuko hivi." Na hilo, mwanangu, ndilo lililokuwa kosa langu hasa. Mlio nilisema ni kelele, simu nilisema ni kelele, na kuyumba nako nilisema ni kelele. Nilikuwa na jibu moja kwa kila swali, na mtu mwenye jibu hahangaiki kutafuta.

Basi, Bibiane akaondoka. Jumamosi iliyofuata wasichana wanne wa sauti ya kwanza hawakuja. Pasaka ilikuwa inakaribia, na kwaya za makanisa mengine zilikuwa zimealikwa kwetu. Nikaona nimetiwa aibu makusudi. Siku ya Jumatatu nikapata ujumbe kwamba Tata Kalenga ananiita nyumbani kwake, mtaa wa Shituru.

Tata Kalenga, tata ndiyo baba kwetu, alikuwa babu yake Bibiane. Alikuwa amefanya kazi ya kupiga na kuunga mabati ya matangi tangu ujana wake mpaka alipostaafu, na alikuwa kiziwi. Aliyasoma maneno midomoni mwa watu, na yeye mwenyewe alizungumza kwa sauti kubwa, kama bado yuko ndani ya tangi. Nilijua ananiita kunigombeza kwa ajili ya mjukuu wake, nikaenda nimejiandaa. Njia nzima nilipanga maneno yangu.

Nilimkuta uani, nyuma ya nyumba ndogo ya matofali, anatengeneza mbabula, majiko yetu ya makaa, kwa mabati chakavu. Hakuacha kazi yake mara moja. Alimaliza kukunja ukingo aliokuwa anaukunja, akaweka nyundo chini, akanionyesha kiti. Bibiane alikuwa mlangoni, amejifunga kile kile kitambaa cha kijani.

"Yambo, Tata," nilimsalimu, nikihakikisha anaona midomo yangu.

"Yambo, mutoto yangu. Ikala." Akaningoja nikae. "Banasema mujukulu yangu hana tena sauti."

Nikaanza hotuba yangu. Nikamweleza juu ya nidhamu, juu ya kwaya, juu ya Pasaka. Aliifuata midomo yangu mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea.

"Sawa. Tia kidole mu sikio ya kuume. Tia muzuri. Sasa zungusha-zungusha, vile munganga wa masikio alikuwa ananifanya minye."

Nilidhani mzee anacheza. Lakini mtu hakatai neno la Tata Kalenga, kwa hiyo nikafanya. Ndani ya kichwa changu kukawa na mkwaruzo wa kidole, na upande wa pili ule mlio wa birika. Nikakaa hivyo. Tata Kalenga alikuwa ananitazama usoni. Kuku mmoja akapita kati yetu. Nikangoja, nikangoja, mwisho nikachoka.

"Tata, tunangoja nini? Mwambie aanze basi, kama ni kuimba."

Akanipa ishara nitoe kidole, kisha akanyoosha mkono kuonyesha nyuma yangu. Nikageuka. Bibiane alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka bega langu la kushoto, na macho yake yamejaa machozi.

"Nimekwisha kuimba, Maestro," alisema. "Beti yote mbili."

Mwanangu, nimewahi kukoswa na jiwe kazini, jiwe la kuua mtu, likapita karibu na kofia yangu. Siku ile sikuogopa kama nilivyoogopa uani kwa Tata Kalenga.

Mzee akavuta kiti chake mpaka magoti yetu yakakaribia kugusana, ili anione vizuri.

"Ni kelele, Tata," nikasema. Hata pale, bado nililishika lile jibu langu. "Ni konkaseri."

Akatikisa kichwa. "Sikia minye, maana minye njo najua kelele. Kelele ilikamata masikio yangu yote mbili pamoja, kuume na kushoto, sawa mapacha. Ilianza pole-pole, huku kidogo, huku kidogo, mpaka yote ikafunga. Barafiki yangu ba mu kazi, vile vile. Sasa weye inakamata moja na kuacha ingine? Hapana. Hiyo haiko kelele tu. Iko kintu ingine mule ndani. Na hauko unaanguka-anguka? Bibiane aliona, ku maombi."

Nikageuka kumtazama Bibiane, naye akaitikia kwa kichwa.

"Basi wende ku munganga. Usiende kesho-kesho. Na huyu mutoto," akamwonyesha Bibiane kwa kidevu, "ulimufukuza sababu ya sikio yako. Haikuwa sauti yake."

Ile hotuba yangu iliishia pale. Nikarudi nyumbani kwa miguu, na nilipofika nikamwambia Odile kila kitu, tangu birika mpaka simu. Aliniacha nimalize. "Baba Deo," alisema, maana Deo ni kifungua mimba wetu, "miezi yote hiyo ulikuwa unanificha minye, ama ulikuwa unajificha weye mwenyewe?" Kisha akaenda kutoa sanduku la safari juu ya kabati.

Tulikwenda Lubumbashi. Daktari wa masikio alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, asiye na haraka. Aliniingiza katika chumba kidogo kisichopitisha sauti, akanivisha visikizio, akapima sikio moja, kisha lingine, kila moja peke yake. Sikio la kuume alikuta limechoka kidogo, uchovu wa kelele, akasema hilo ni la kutegemewa kwa kazi yangu. La kushoto lilikuwa karibu limezimika. Akanituma kupigwa picha ya kichwa katika mashine, na siku ya tatu akatuita mimi na Odile, akaiweka picha kwenye taa.

Alituonyesha kwa ncha ya kalamu. Kulikuwa na kivimbe, ukubwa wa punje kubwa ya haragwe, kimekaa juu ya mshipa wa fahamu unaopeleka sauti kutoka sikioni hadi kwenye ubongo. Mshipa huo huo, alisema, ndio unaomsaidia mtu kusimama wima bila kuyumba. Si kansa. Hakisambai mwilini. Kinakua polepole, pengine kwa miaka mingi, na wengine chao hakikui kabisa, hao huangaliwa tu. Lakini changu kilikuwa kimeanza kuelekea kwenye ubongo, na kikiachwa kitaubana.

Nikamwuliza swali lililokuwa linanikaba tangu Shituru. "Daktari, ni mashine iliyonipa kitu hiki? Miaka kumi na minne sikuvaa vifuniko."

"Papa, sitakudanganya," alisema. "Wataalamu wamelitafuta jambo hilo. Wengine wameona kwamba watu walioishi muda mrefu katika makelele makubwa wanapata kivimbe hiki zaidi kidogo kuliko wengine. Wengine wametafuta vile vile na hawakuona kitu. Kwa hiyo sijui. Wengi wanaokipata hawakufanya kazi kwenye kelele, na wengi wa kwenye kelele hawakipati kamwe. Kitu ninachokijua ni kwamba kelele ilikufanyia ubaya wa namna nyingine: ilikupa sababu ya kutokuja."

Odile aliniangalia kwa pembe ya jicho.

Niliomba nisubiri Pasaka ipite. Nakiri. Mtu yuko mlangoni mwa kaburi, bado anafikiria sherehe. Odile ndiye aliyekataa. Alisema kwaya ilikuwapo kabla yangu na itakuwapo baada yangu, ila baba wa watoto wake ni mmoja tu. Wiki chache baadaye tulivuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda hospitali ya nchi jirani walipokuwa na mabingwa wa upasuaji ule. Waliniambia waziwazi kabla ya kunilaza: sikio la kushoto halitasikia tena, na mshipa unaotikisa misuli ya uso umepita hapo hapo karibu, unaweza kuumia. Nikatia sahihi.

Nilipoamka upande wa kushoto ulikuwa kimya, hata lile birika halikuwapo kwa siku za mwanzo. Uso nao ulikuwa umeanguka. Mdomo ulivutwa upande mmoja, jicho la kushoto halikufumba, wakawa wanalibandika plasta ili nilale. Chai ilinimwagikia kidevuni. Nilijaribu kusema jina la mtoto wangu wa pili, Papy, nikashindwa, kwa sababu herufi ya P inataka midomo miwili ishirikiane. Nililia hapo, si kwa maumivu. Odile akanifuta kwa kanga yake, akasema, "Utalisema. Mungu hana haraka." Nililisema baada ya wiki tisa.

Kutembea nako nilijifunza upya, kama mtoto, nikishika kuta. Uso ulirudi polepole, mwezi baada ya mwezi. Ukinitazama vizuri leo utaona nikicheka upande mmoja unachelewa kidogo kupata habari. Basi ni hivyo tu.

Sikungoja uso urudi ndipo niende kanisani. Nilikwenda Jumamosi, saa ya mazoezi, na mdomo wangu uliopinda, na maneno yangu yanayotoka kama ya mlevi. Pasaka ilikuwa imepita, na waliimba vizuri sana bila mimi. Hilo nalo lilinifaa kulijua. Bibiane alikuwa amerudi kwenye nafasi yake. Nikasimama mbele yao wote, kwa kuwa mbele yao wote ndiko nilikomwaibisha.

"Bibiane," nikasema, "nilikufukuza nikisema sauti yako imelala. Sauti yako ilikuwa nzima. Ni mimi niliyekuwa mgonjwa, na sikutaka kujua. Ninakuomba msamaha, wewe na wazazi wako na babu yako."

Wengine waliinamisha nyuso, sijui ni huruma ama ni kuona haya kwa ajili yangu. Bibiane akatoka katika mstari, akanijia. Nilidhani atanipa mkono. Alinishika mabega yote mawili, akanisogeza taratibu, kama mtu anayesogeza kabati zito, mpaka nikafika mwisho kabisa wa upande wa kushoto, hata kwaya nzima ikawa kuumeni kwangu.

"Hapa, Maestro," alisema. "Ukisimama hapa, utatusikia bote."

Wakaimba. Nikasikia sauti ya kwanza, na ya pili, na besi nyuma yao. Niliongoza kwaya ile kwa miaka mingine kumi na sita nikiwa nimesimama pembeni namna ile, na wageni waliuliza mbona kiongozi wenu hasimami katikati.

Tata Kalenga alituacha miaka mingi iliyopita, kwa uzee wake. Bibiane ana watoto wakubwa sasa. Mimi nilirudi kiwandani, lakini wakaniweka katika stoo ya vifaa, na kila kijana mpya aliyekuja kuchukua vifuniko vya masikio alivipokea mikononi mwangu mwenyewe, na hakutoka mpaka nimeona amevivaa kichwani.

Sasa nisikilize, mwanangu, kwa masikio hayo mawili uliyo nayo.

Kelele jikinge nayo. Kama uko kwenye mashine ya kuponda mawe, au ya kusaga mahindi sokoni, au nyuma ya spika za kanisa zinazotikisa madirisha, au unavaa visikizio vya nyimbo masikioni siku nzima, jikinge: vaa vifuniko, punguza sauti, sogea mbali, yapumzishe masikio yako. Kama kelele huleta kivimbe kama changu, wenye elimu bado wanalichunguza, nami sitajitia kujua kuliko wao. Lakini kwamba kelele kubwa hula usikivu, hilo halina mabishano. Nenda Shituru uwaulize wastaafu, ila uliza kwa sauti kubwa.

La pili ndilo nililokuitia. Sikio moja likianza kuzimika na mwenzake yuko salama, au likilia peke yake siku nenda siku rudi, au ukaanza kuyumba unapofumba macho, usiseme ni kazi, usiseme ni uchovu, usiseme kuna mtu amekuroga. Nenda ukapimwe, kila sikio peke yake. Pengine litakuwa jambo dogo, nta tu, urudi ukicheka. Na kama ni kivimbe, kilichoonwa mapema kina dawa nyingi kuliko kilichochelewa. Mimi nilichelewa na bado nimepona. Wewe utapona zaidi.

Na la mwisho ni la watu. Ukiona mwenzako amepoteza sauti, kabla ya kumfukuza, geuza kichwa usikilize kwa upande mwingine. Ukikuta kosa ni lako, lisemee pale pale ulipomwumiza mtu, hata kama mdomo umepinda. Hutakufa kwa aibu. Mimi niko hapa.

Mungu wa baba zetu akulindie kichwa chako na vyote vilivyomo. Akupe mke au mume atakayekuuliza mara ya tatu, na wazee watakaokuambia ukweli bila kukuchukia. Uzeeke ukiwasikia wajukuu wako wakigombana chumba cha pili, na wakikuita jina lako kwa sauti ya chini, uitike.